Ruhusa Zilizomo Ndani ya Katazo

Katika sheria za Uingereza imo moja ambayo mtu akiisoma kwa haraka aweza kudhani ya kuwa imetungwa na watu wawili wasiopatana. Yamkataza mtu kumrudisha mwituni kindi mmoja aliyemtibu mguu. Na papo hapo yaacha ndege wenye asili ya kigeni wafunguliwe mashambani kwa mamilioni kila mwaka ili wapigwe bunduki. Wasomaji wetu ni watu wa kilimo, mifugo na uvuvi, nao wajua taabu iletwayo na kiumbe mgeni akishakaa. Kwa hiyo twaona yafaa kuieleza sheria hii polepole, hasa zile ruhusa zake, maana katika sheria ya namna hii kazi nzito si kukataza. Kukataza ni rahisi. Kazi ni kujua nani afunguliwe mlango, kwa sharti gani, na nani ashike ufunguo.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1981, nayo yahusu viumbe vya porini na nchi ya mashamba. Kifungu chake cha 14 chasema ni kosa mtu kumfungulia, au kumwacha atoroke aende porini, mnyama wa aina ambayo si desturi yake kukaa wala kuzuru Uingereza katika hali ya mwitu. Tena mwishoni mwa sheria pana orodha, ambayo ni nyongeza ya tisa. Mnyama aliyeandikwa humo haruhusiwi kufunguliwa hata kama jamaa zake wamekwisha kuenea nchini, na mmea ulioandikwa humo haruhusiwi mtu kuupanda wala kuuotesha porini. Mkosaji akihukumiwa katika mahakama kubwa ya England aweza kufungwa hata miaka 2, au kutozwa faini, au kupata adhabu zote mbili. Msomaji na aangalie maneno yale “kumwacha atoroke.” Aliyesahau kukomea mlango wa kizimba yumo katika hatari sawasawa na aliyeufungua kwa makusudi, isipokuwa athibitishe mbele ya hakimu ya kuwa alifanya kila lililompasa na kuchukua hadhari yote. Huo ni utetezi, wala si ruhusa. Mambo hayo mawili yasichanganywe.

Watu wa Uskoti wameshika njia nyingine. Tangu mwaka 1981 walikuwa chini ya orodha ile ile, lakini mwaka 2012 waliigeuza kawaida yote: sasa kila mnyama na kila mmea akiwa nje ya makao yake ya asili ni haramu kufunguliwa au kupandwa porini, ila wale waliotolewa kwa ruhusa. Katika England, mmea usioandikwa haukukatazwa na kifungu hiki. Katika Uskoti, usioruhusiwa umekatazwa. Twapendelea njia ya Uskoti, kwa kuwa orodha siku zote hufika nyuma ya gugu. Gugu haliandikwi mpaka limekwisha kudhuru, na likisha kudhuru kuandikwa kwake hakuling’oi.

Hapa mtu atauliza: je, viazi mbatata? Asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, na Mskoti huvipanda na kuvila. Jibu limo katika neno “porini.” Konde lililolimwa si pori, wala bustani ya nyumbani si pori. Hata yule mwenye gugu baya kabisa katika ua wake hakuvunja kifungu hiki kwa kuwa nalo tu. Bali akilikata na kuvitupa vipande vyake kando ya njia au mtoni, navyo vikaota, hapo amelipanda porini, na sheria yamjia.

Sasa tutazame ruhusa zenyewe, tukianza na kindi ambaye hana mlango.

Kindi wa kijivu aliletwa kutoka Amerika ya Kaskazini kwa kupendeza macho ya matajiri, na mwaka 1876 wakafunguliwa wengine katika shamba kubwa la Cheshire. Wakaenea. Kindi mwekundu, mwenyeji wa nchi, akapungua mpaka leo katika sehemu nyingi za England hayuko, kwa kuwa mgeni humshinda katika kutafuta chakula, tena huchukua ndui ya kindi ambayo yeye mwenyewe haimdhuru sana lakini humwua mwekundu. Kwa miaka mingi wale waliotibu wanyama walioumia waliweza kupewa leseni ya kuwarudisha kindi wa kijivu mahali walipookotwa. Tangu mwaka 2019 leseni hizo hazitolewi. Mwenye huruma akimwokota kindi huyo na kumponya, hana ruhusa ya kumwachilia tena. Jambo hili limewaudhi wengi, nao husema kindi mmoja hazidishi kitu palipo na mamilioni. Yawezekana ni kweli kwa kindi mmoja. Lakini ruhusa haitolewi kwa kindi mmoja, hutolewa kwa kila atakayekuja na kindi wake.

Kwa ndege wale wa kuwindwa mambo ni mengine. Fezanti ni ndege wa jamii ya kuku, dume lake lina mkia mrefu na manyoya kama shaba. Asili yake ni Asia, lakini amekaa Uingereza karne nyingi hata watu humhesabu kuwa mwenyeji. Pamoja naye yuko kwale mwenye miguu myekundu, atokaye kusini ya Ulaya. Katika Uskoti sheria imewataja kwa majina: katazo halimhusu fezanti wala kwale huyo akifunguliwa kwa ajili ya kupigwa bunduki baadaye. Kusudi limeandikwa waziwazi. Wako wasemao ya kuwa hapo sheria imewainamia wenye mashamba makubwa, nasi hatuwezi kuwakatalia, kwani uwindaji huo ni biashara yenye fedha nyingi. Hata hivyo ruhusa iliyoandikwa yaweza kuonekana, na ikionekana yaweza kubishwa.

Ndivyo ilivyotokea England. Watetezi wa viumbe waliipeleka serikali mahakamani, wakidai ya kuwa haikuchunguza madhara ya ndege hao katika mahali palipohifadhiwa sana. Maana ndege wengi wakikusanywa katika zizi moja la msituni, samadi yao hubadili udongo na mimea ya chini hukanyagwa. Mwaka 2021 fezanti na kwale wakaandikwa katika nyongeza ya tisa, lakini kwa mpaka: katazo lahusu zile hifadhi kuu na ukanda wa mita 500 kuzizunguka. Ndani ya mpaka huo hapana budi kufuata leseni, na leseni imeweka kiasi cha ndege kwa kila hekta ya zizi. Mwaka 2023, kwa sababu ya homa ya ndege, leseni ya watu wote ilizuiwa katika hifadhi zilizotengwa kwa ajili ya ndege wa porini; aliyetaka kufungulia fezanti huko ikambidi aombe ya kwake mwenyewe.

Tumetaja leseni ya watu wote na leseni ya mtu mmoja. Hizo hutokana na kifungu cha 16 cha sheria ile ile ya mwaka 1981. Leseni yaweza kupewa watu wa namna fulani wote, nao huitumia bila kuomba mradi washike masharti. Au yaweza kupewa mtu kwa jina lake. Huandikwa muda wake, na mwenye kuitoa aweza kuibadili au kuifuta wakati wo wote. Katika England hutolewa na idara iitwayo Natural England, na katika Uskoti na NatureScot.

Mfano mzuri wa leseni ni ule wa gugu la Kijapani. Gugu hili lina mashina kama mianzi, na kipande kidogo cha mzizi wake chatosha kuotesha kichaka kipya. Lilifika bustani ya Kew mwaka 1850, likauzwa kama pambo, na leo lasumbua kingo za mito, reli na hata nyumba. Wataalamu walikwenda Japani kumtafuta adui yake, wakampata mdudu mdogo afyonzaye utomvu, jina lake Aphalara itadori. Lakini mdudu huyu naye ni mgeni! Kumfungulia bila ruhusa kungekuwa kosa lile lile lililokatazwa. Basi akafungiwa kwanza, akajaribiwa juu ya mimea karibu 90, ya porini na ya mashambani, kuona kama atakula kingine. Ndipo mwaka 2010 leseni ikatolewa naye akafunguliwa England, wa kwanza wa namna yake kufunguliwa katika Jumuiya ya Ulaya kupigana na gugu. Mpaka sasa hakufanya makubwa, kwani majira ya baridi yamemshinda, na wataalamu wamerudi Japani kutafuta kabila lake lingine.

Wasomaji wetu wa kando ya Ziwa Victoria watatabasamu, maana katika jambo hili wao waliwatangulia Waingereza kwa miaka zaidi ya kumi. Gugu maji, nalo la Amerika ya Kusini, lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, likaziba bandari na kuwazuia wavuvi. Fukusi wanaolila huko kwao waliletwa, wakafunguliwa Uganda mwaka 1995, na Kenya na Tanganyika ya zamani, yaani Tanzania, mwaka 1997. Baada ya miaka michache gugu lilipungua sana, ingawa mvua kubwa na mawimbi ya miaka ile vilisaidia, na sehemu nyingine limerudi. Lakini fukusi hao hawakugeukia mahindi wala mihogo ya mtu. Ziwa lile lile lilikuwa limempokea sangara katika miaka ya 1950 na 1960, akatiwa majini huku wataalamu wakibishana bado. Sangara ameleta fedha, hilo hatukatai. Lakini aina nyingi za furu aliowakuta hawaonekani tena.

Mwisho yuko biva, mnyama wa majini wa jamii ya panya, mwenye mkia bapa, akataye miti kwa meno na kujenga maboma mitoni. Yeye si mgeni. Alikuwa mwenyeji wa Uingereza akawindwa mpaka akamalizika, nako ni zaidi ya miaka 400. Je, mwenyeji aliyetoweka arudishwe bila ruhusa? Sheria yakataa, kwa kuwa mashamba aliyoyaacha si haya ya leo. Uskoti walifungulia biva wa Norway huko Knapdale mwaka 2009 kwa leseni na kwa majaribio. Katika bonde la mto Tay, biva wengine walikwisha kuenea bila leseni ya mtu, wakafurisha makonde ya wakulima ambao hawakuulizwa. England walingoja mpaka Machi 2025 ndipo wakawafungulia kwa leseni katika pori la Purbeck, Dorset. Mwenye kuomba leseni ya namna hiyo hutakiwa kuonyesha mpango wa miaka mingi na kushauriana na jirani zake. Na jirani huyo, maji yakimwingilia shambani, naye asikimbilie shoka: tangu mwaka 2022 biva amelindwa katika England, na kubomoa boma lake huenda kukahitaji leseni nyingine.