Mtoto Akiuliza: "Mama Yake Yuko Wapi?"



Katika nyumba nyingi zenye watoto wadogo, wazazi hupishana mlangoni. Siku za kazi kila mmoja yuko mbioni. Jumapili mama anafua, baba ameenda kuwaona rafiki zake. Watoto hukua wakiwajua wazazi wao mmoja mmoja. Somo letu la leo halihitaji safari ndefu: wachukueni watoto, mwende nyote mkawaone wanyama.

Walio Nairobi wana Kituo cha Wanyama Yatima, kwenye lango kuu la Mbuga ya Nairobi, barabara ya Lang'ata. Kilifunguliwa mwaka 1964, na sasa kinatunzwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Humo hulelewa wanyama waliopotelewa na mama zao au waliopatikana wamejeruhiwa. Si mahali pakubwa, na udogo huo ndio unaomfaa mtoto wa miaka mitatu au minne. Mbugani mnaweza kuzunguka kutwa nzima msimwone simba. Hapa yuko hatua chache tu, nyuma ya waya.

Kwanza, pataneni kabla ya siku yenyewe. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, basi tazameni bei mapema, mjumlishe na nauli na chakula, watoto wakiwa wamelala. Ugomvi wa pesa langoni huwaharibia watoto siku nzima. Gawaneni kazi pia. Maji yawe katika chupa ya kutumika tena, kwa sababu plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020. Si haki mama abebe mtoto mgongoni na mfuko mkononi, huku kazi ya baba ikiwa kupiga picha tu.

Pili, fuateni mwendo wa mtoto. Simba huweza kulala hata saa 20 kwa siku. Mtoto atamtazama kidogo, kisha atainama kuwaangalia siafu njiani. Msimvute mkono mkisema, "Tumelipa pesa nyingi!" Akiwaona wanyama wanne au watano vizuri, imetosha. Mfundisheni kutowapigia kelele wala kuwatupia chakula. Tena msimtishe kwa kusema, "Ukilia nitakutupa kwa simba." Ninyi mnafanya mzaha, lakini yeye anasadiki.

Tatu, jiandaeni kwa swali. Mbele ya mnyama mchanga mtoto atauliza, "Mama yake yuko wapi?" Hapa ndipo penye uzito wa safari yenu. Mara nyingi mtoto hamuulizii mnyama peke yake, anajiulizia mwenyewe. Huenda usiku mmoja alimsikia baba akisema, "Nitaondoka," au mama akisema, "Nitarudi kwetu." Wazazi walisahau asubuhi. Mtoto hakusahau.

Msimdanganye kwamba mama wa mnyama ameenda sokoni. Mama yake mwenyewe akienda sokoni Jumanne, atamngoja kwa machozi. Mwambieni kwa maneno machache: "Pengine alikufa, au walipoteana. Sasa watu hawa wanamlisha na kumtibu." Mmoja akijibu, mwenzake asimpinge wala asicheke. Kisha mmwambie, "Sisi tuko nawe." Lakini neno hilo litakuwa na nguvu kama tu nyumbani hamtishiani kuachana kila mnapokosana.

Kama mnamlea mtoto wa ndugu aliyefariki, mwangalieni kwa namna ya pekee siku hiyo. Asiwepo wa kumwambia, "Huyu ni kama wewe." Akinyamaza, mshikeni mkono mtembee naye polepole. Akitaka kuzungumza, msikilizeni.

Mfikirie duma nanyi pia. Mtoto wake hukaa na mama karibu mwaka mmoja na nusu, akijifunza kuwinda. Aliyekosa malezi hayo ni vigumu kumrudisha porini, hata akishibishwa nyama kila siku. Vivyo hivyo kwa wanadamu: karo na chakula ni wajibu wetu, lakini havijazi nafasi ya baba na mama walio karibu na watoto wao. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mkirudi nyumbani jioni, watoto wakishalala, ketini wawili mzungumze haya:

1. Leo mtoto wetu aliuliza nini, na tulimjibu kwa sauti moja?

2. Ni maneno gani tunayoambiana kwa hasira ambayo yanamtia hofu?

3. Nani alichoka zaidi leo, na safari ijayo mwenzake atampunguzia mzigo gani?

Msimalize mazungumzo kabla ya kupanga safari hiyo nyingine, hata ikiwa ni ya kwenda mtoni tu kuwatazama bata.