Mbao na mboga: vidokezo kwa familia za Mubi

Msitu wa Walikale unatupa mbao, na mvua inatuoteshea mboga karibu mwaka mzima. Kinachohitajika ni randa, jembe, na familia iliyo tayari kushika vyote viwili.

1. Kausheni mbao kwanza. Ubao uliopasuliwa juzi bado umejaa maji. Mkiutengenezea mlango leo, baada ya miezi michache mlango umepinda na haufungi. Pangeni mbao chini ya paa, juu ya mawe, na kati ya ubao na ubao tieni vijiti vya unene mmoja ili upepo upite. Ncha zipakeni rangi iliyobaki au nta ya mshumaa, maana maji hukimbilia kutoka nchani na hapo ndipo ubao huanza kupasuka. Mtajuaje umekauka? Pimeni ubao uleule kila baada ya wiki mbili. Mubi ni mji wa kasiterite, mizani haikosekani. Uzito ukiacha kushuka, anzeni kazi.

2. Punguzeni misumari. Imefika hapa kwa njia mbovu, na bei yake inasema hivyo. Kiti imara kinaweza kushikwa kwa ulimi na tundu, kisha kijiti cha mti mgumu kikapigwa katikati kufunga kiungo. Kijiti na ulimi viwe vikavu kabisa. Mguu wenye tundu ukiwa na unyevu kidogo, si neno: ukikauka utasinyaa na kuubana ulimi. Kiti cha namna hiyo hakichezi.

3. Mbao za samani zisiguse udongo. Mchwa hawangoji. Wekeni jiwe bapa chini ya kila mguu.

4. Vumbi la msumeno lisichanganywe na udongo wa bustani likiwa bichi. Hili linaharibu bustani nyingi za mafundi, na mwenye bustani hulaumu mbegu. Vumbi la mbao lina kaboni nyingi mno, hata mara 400 ya naitrojeni yake, wakati mboji nzuri huanza kwenye mara 25 hadi 30. Vijidudu vinavyolila vumbi vinakosa naitrojeni, basi vinaichukua kwenye udongo, na mboga inabaki na majani ya manjano na shina jembamba. Suluhisho lipo: limwageni kwenye vijia kati ya matuta, litazuia matope na magugu. Au lirundikeni pamoja na samadi ya mbuzi au kuku na majani mabichi, mkigeuza mara kwa mara, hadi liwe jeusi na linukie kama udongo wa msituni. Hapo sasa ni chakula cha mboga. Vumbi la mbao zilizopakwa rangi au mafuta machafu ya injini lisikaribie bustani kabisa.

5. Inueni matuta. Shida yetu Mubi ni maji kusimama kuliko ukame. Pale mbao zinapopasuliwa ombeni vipande vya pembeni vyenye magome, vinafaa sana kuzungushia tuta. Upana mita 1, kimo sentimita 20 hadi 30: hata mtoto atafikia katikati bila kukanyaga udongo. Mvua nyingi huacha udongo mchachu, kwa hiyo nyunyizeni konzi moja ya majivu ya jikoni kwa kila mita ya mraba kabla ya kupanda.

6. Mpeni kila mtoto tuta lake la lengalenga. Mbegu ni ndogo sana, azichanganye na mchanga ili zisirundikane. Baada ya wiki 3 hadi 4 atachuma mboga, na mama aipike siku hiyohiyo. Akate shina juu kidogo ya ardhi badala ya kung'oa, litachipua tena.

7. Mashina ya kupandia muhogo wa sombe na bugali yachaguliwe yakiwa bado yamesimama shambani. Shina ambalo majani yake yamejikunja na kuwa na mabaka ya manjano lina batobato, na ugonjwa utahamia shamba jipya pamoja nalo. Kateni vipande vya sentimita 20 hadi 30 kutoka mashina yaliyokomaa.

8. Tengenezeni vinavyobebeka. Machi 2025, vita vilipofika Walikale-centre, familia nyingi za huku zilijua tena uzito wa kila kitu cha nyumbani. Kitanda kilichofungwa kwa kabari badala ya misumari hufunguliwa kwa nyundo na kufungwa kamba kama mzigo mmoja. Sanduku la miche liwe na vishikio viwili. Na mbegu: zikaushwe vizuri, zitiwe kwenye chupa ya plastiki juu ya majivu makavu yaliyopoa, kifuniko kikazwe. Andikeni juu yake aina na mwezi wa kuvuna, kisha mwonesheni kila mtu wa nyumbani mahali chupa inapokaa.