Mfuko wa Hewa Garini: Kinga Inayohitaji Nafasi

Mnunuzi wa gari huambiwa kwa fahari kwamba gari lina mifuko ya hewa miwili, minne au sita. Ni nadra kuelezwa jinsi mifuko hiyo inavyofanya kazi, na ni nadra zaidi kuambiwa kwamba inaweza kumjeruhi, hata kumwua, yule yule iliyowekwa kumlinda. Idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama barabarani inakadiria kwamba mifuko ya mbele iliokoa maisha ya watu zaidi ya 50,000 nchini humo kati ya mwaka 1987 na 2017. Faida yake haina ubishi. Lakini faida hiyo ina masharti.

Mfuko wa hewa si puto linalojazwa taratibu. Ndani ya usukani, na ndani ya dashibodi mbele ya abiria, mna kitambaa kilichokunjwa na kando yake kichupa cha chuma chenye kemikali. Gari linapogonga kwa nguvu upande wa mbele, kihisi hupeleka umeme, kemikali huwaka, na gesi hukijaza kitambaa kwa muda wa takriban sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Mfuko huchomoka kwa kasi inayoweza kukaribia kilomita 300 kwa saa, kisha hutoa gesi kupitia matundu yake na kunywea. Kazi yake ni kumpokea mtu ambaye tayari amezuiwa na mkanda. Asiyefunga mkanda hutupwa mbele mara breki zinapokanyagwa, akakutana na mfuko ungali unafumka. Huyo hapokelewi, bali hupigwa.

Hatari kubwa imo katika sentimita 5 hadi 8 za mwanzo, pale mfuko unapopasua kifuniko chake. Ndiyo maana dereva hushauriwa kuacha angalau sentimita 25 kati ya katikati ya usukani na mfupa wa kifua. Chukua rula ya mwanafunzi, keti kama unavyoketi siku zote (si kama ulivyoketi siku ya mtihani wa leseni), kisha mwombe mtu akupimie. Dereva mfupi anaweza kusogeza kiti nyuma kidogo na kulaza egemeo, na usukani ukiwa unainamishwa, auelekeze kifuani badala ya usoni. Mikono ishike pande mbili za usukani. Mkono uliopita juu ya honi hurudishwa usoni pamoja na saa na pete zake. Mjamzito afunge mkanda, sehemu ya chini ikipita chini ya tumbo juu ya nyonga, na asogee mbali na usukani kadiri miguu yake inavyoruhusu. Boksi la tishu, manukato na pambo lolote lililogandishwa juu ya kifuniko cha mfuko vitaruka kama mawe, viondolewe.

Suala la watoto linahitaji maneno mengi zaidi. Mifuko ya abiria ilipoenea Marekani katika miaka ya 1990, watoto zaidi ya 100 waliuawa nayo, wengi katika ajali za mwendo mdogo ambazo hazikustahili kumwua mtu. Baadhi walikuwa wachanga katika viti vinavyotazama nyuma, ambavyo mgongo wake hukaa karibu kabisa na dashibodi. Wengine hawakufungwa mkanda au walifungwa vibaya. Kuanzia magari ya mwaka 1998, watengenezaji walipunguza nguvu ya mifuko, na wazazi wakasisitiziwa kuwaketisha watoto nyuma.

Kwetu ipo desturi ya kumpakata mtoto katika kiti cha mbele, kwa imani kwamba mikono ya mama ni salama kuliko kiti kitupu cha nyuma. Hakuna mikono inayoweza kumzuia mtoto gari linapogonga, na aliyepakatwa ndiye aliye karibu zaidi na mfuko, huku uzito wa mama ukimsukuma kwa nyuma. Mtoto aliye chini ya miaka 13 aketi nyuma, amefungwa kwa kiti au mkanda unaolingana na umbo lake. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko ambao haujazimwa.

Hata mfuko uliofanya kazi yake vizuri huacha alama: michubuko na kuungua usoni na mikononi, mara nyingine kuvunjika kiganja, na masikio kuvuma kwa mshindo wake. Vumbi linalotoka huweza kumbana mwenye pumu, na mabaki ya kemikali huweza kuunguza macho. Ukiweza kutoka salama, toka. Usifikiche macho, yasafishe kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi, kisha umwone daktari hata kama maumivu yamepungua.

Magari mengi ya Afrika Mashariki yametumika kwanza Japani, na hapa pana jambo la kuchunguzwa kabla ya kulipa. Kampuni ya Takata iliuza vichupa vya gesi vilivyotumia amonia naitreti, ambayo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Kichupa kilichochakaa hupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa aliye mbele yake. Vichupa vipatavyo milioni 100 viliitwa virudishwe duniani kote, vikiwamo vya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na Subaru, na mwaka 2017 Takata ikaomba kufilisiwa. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Mombasa, Tanga na Zanzibar. Mpelekee wakala wa kampuni iliyotengeneza gari namba ya chasisi iliyo kwenye kadi ya usajili, na uombe jibu la maandishi kama mfuko uliitwa na kama ulibadilishwa.

Kisha washa swichi na utazame taa yenye herufi SRS au picha ya mtu na mfuko. Inapaswa kuwaka sekunde chache na kuzima. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu na huenda mfuko usifumke. Isipowaka kabisa, shuku zaidi: huenda mfuko ulikwisha kufumka katika ajali, kifuniko kikabandikwa juu ya nafasi tupu, na taa ikafichwa ili mnunuzi asiulize. Mfuko wa mtumba usiojulikana ulikotoka usinunuliwe kwa bei yoyote. Fundi anayegusa usukani akate betri kwanza na kusubiri muda ulioandikwa katika kitabu cha gari, kwa kuwa mfumo hubaki na umeme wa kutosha kuufumua mfuko usoni mwake.