Kuchagua Kadi ya Grafiksi kwa Kompyuta ya Nyumbani

Kadi ya grafiksi ni kibao cha elektroniki kinachopachikwa ndani ya kompyuta ili kugeuza tarakimu kuwa picha zinazoonekana katika kioo. Kioo cha kawaida kina vidoa vya mwanga, yaani pikseli, 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Jumla yake ni 2,073,600. Ikiwa kila pikseli huhitaji baiti 4 za kumbukumbu, picha moja huchukua megabaiti 8.3 hivi. Picha hubadilishwa mara 60 kila sekunde. Kwa hiyo karibu megabaiti 500 hupita kila sekunde hata kabla ya kazi ngumu kuanza.

Chipu za kadi hizo hutengenezwa na makampuni yanayoshindana, hasa NVIDIA, AMD na Intel. Mnunuzi hukuta majina na namba nyingi juu ya kasha, na mara nyingi huamini kwamba namba kubwa ndiyo bora. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba uchaguzi hauna budi kuanza na kazi, kisha ufuate umeme na mashine iliyopo. Jina la kampuni lije mwisho.

Kazi ipimwe kwanza

Na ichukuliwe kazi moja inayowahusu walimu na wanafunzi wa wilaya za Mbulu na Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na miti viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mwalimu wa jiografia atakaye kuonyesha jinsi makorongo ya mlima huo yanavyoelekea aweza kuuchora katika kompyuta, kwa programu za bure kama QGIS na Blender. Vipimo vya mwinuko vilikusanywa na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, mwezi Februari 2000, navyo hutolewa bila malipo.

Vipimo hivyo vimeachana kwa takriban mita 30. Mraba wenye upande wa kilomita 39, unaouzunguka mlima pamoja na mji wa Katesh, una vipimo 1,300 kwa 1,300, yaani nukta 1,690,000. Kila nukta ikihifadhiwa kwa baiti 32, zinahitajika megabaiti 54. Nukta hizo huunganishwa kwa pembetatu zipatazo 3,380,000, ambazo huongeza megabaiti 41 hivi. Picha ya satelaiti ya kuufunika mlima, yenye pikseli 8,000 kwa 8,000, huongeza megabaiti 256. Jumla yote ni kama megabaiti 351. Basi kadi yenye gigabaiti 2 yatosha kuhifadhi kazi hii, na anayelipia gigabaiti 8 kwa ajili yake pekee analipia nafasi itakayobaki tupu.

Yafaa kuongeza tahadhari moja. Vipimo vya mita 30 hufundisha umbo la mlima, lakini haviwezi kuamua ni nyumba ipi iliyo salama. Uamuzi huo huhitaji upimaji wa ardhi yenyewe.

Ghala na mlango wake

Wingi wa kumbukumbu si kipimo pekee. Ghala la ngano laweza kuwa kubwa, lakini mlango ukiwa mwembamba magunia yatatoka polepole. Mlango wa kumbukumbu hupimwa kwa upana wake katika biti, ukizidishwa kwa gigabiti zinazopita kila sekunde katika kila njia, kisha jibu likagawanywa kwa 8.

Mfano mzuri ni kadi ya NVIDIA iitwayo GeForce GT 1030. Toleo la mwaka 2017 lina kumbukumbu ya aina ya GDDR5, upana wa biti 64 na kasi ya 6. Hivyo hupitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Toleo la mwaka 2018, lenye kumbukumbu ya DDR4, lina upana uleule lakini kasi ya 2.1, nalo hupitisha gigabaiti 16.8 tu. Jina ni moja, kumbukumbu ya kila moja ni gigabaiti 2, lakini mlango wa kwanza unapita wa pili karibu mara tatu. Asomaye jina peke yake hawezi kuzitofautisha.

Hata makampuni mawili yaweza kufika mahali pamoja kwa njia mbili. GeForce GTX 1650 ya mwaka 2019 ina upana wa biti 128 na kasi ya 8. Radeon RX 6400 ya AMD, ya mwaka 2022, ina upana wa biti 64 na kasi ya 16. Kila moja hupitisha gigabaiti 128 kwa sekunde, na kila moja ina gigabaiti 4. Tofauti iko kwingine: RX 6400 huunganishwa na kompyuta kwa njia 4 tu, ilhali GTX 1650 hutumia njia 16. Katika kompyuta ya zamani yenye sloti za kizazi cha tatu, njia 4 hupitisha kama gigabaiti 4 kwa sekunde. Kazi ikienea ndani ya kumbukumbu ya kadi, upungufu huo hauonekani sana. Ikizidi, kadi hukwama.

Umeme, hewa na vumbi

Kompyuta ndogo zilizokwisha kutumika maofisini mara nyingi huwa na pawa saplai ya wati zisizofika 300, isiyo na waya wa ziada wa kadi. Kwa sababu hiyo kadi hutegemea sloti pekee, nayo hutoa wati 75 kwa kiwango cha juu. GTX 1650 hufikia kikomo hicho chote. RX 6400 hutumia wati 53. GT 1030 ya GDDR5 hutumia wati 30.

Kwa nyumba inayotegemea nishati ya jua hesabu hii ni nzito zaidi. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini ili idumu haifai kutumiwa zaidi ya nusu, yaani wati-saa 600. Kadi ya wati 75 ikifanya kazi kwa nguvu zote kwa saa 4 humaliza wati-saa 300, ambayo ni nusu ya akiba. Kadi ya wati 30 humaliza 120, yaani sehemu moja ya tano.

Mwinuko nao una neno lake. Mahali palipo mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ina uzito wa kama tano ya sita tu ya hewa ya pwani. Feni husukuma ujazo uleule, lakini hewa hiyo hubeba joto kidogo zaidi ya ilivyotarajiwa. Ubaridi wa nyanda za juu za Mbulu hufidia upungufu huo. Vumbi la kiangazi huurudisha. Hivyo feni isafishwe mara kwa mara.

Dawa iliyo rahisi

Prosesa nyingi zina grafiksi yake ya ndani, inayotumia kumbukumbu kuu ya kompyuta. Kibao kimoja cha kumbukumbu ya DDR4-2400 hupitisha gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Vibao viwili vilivyopachikwa katika njia mbili hupitisha 38.4. Prosesa hushiriki mlango huo. Hata hivyo, umezidi ule wa GT 1030 ya DDR4 zaidi ya mara mbili. Kwa mlima uliokokotolewa hapo juu, kuongeza kibao cha pili cha kumbukumbu kwaweza kufaa kuliko kununua kadi dhaifu, na umeme unaoongezeka ni wati chache tu.

Kwa hiyo mnunuzi na aulize kwa utaratibu huu: kazi yahitaji megabaiti ngapi, mlango wa kumbukumbu una upana na kasi gani, pawa saplai na betri zaweza kubeba wati ngapi, kadi yaenea ndani ya kasha? Akishajibu, ndipo alinganishe bei na makampuni.

Zoezi

1. Vipimo vya mwinuko vikiachana kwa mita 15 badala ya 30, nukta za mraba uleule zitaongezeka mara ngapi?
2. Kokotoa gigabaiti kwa sekunde za kadi yenye upana wa biti 128 na kasi ya 7.
3. Kadi ya wati 53 itatumia sehemu gani ya wati-saa 600 ikifanya kazi kwa nguvu zote kwa saa 4?