Vinka ya Uani na Uvimbe wa Ubongo

Vinka ni lile ua dogo, jeupe au la waridi, asili yake Madagaska, linalopandwa uani kwa mapambo. Majani yake ndiyo chanzo cha vinkristini, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1963. Ni miongoni mwa dawa zinazotibu uvimbe wa taya wa watoto ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akifanya kazi Uganda. Ikichanganywa na dawa nyingine, hutibu pia aina kadhaa za uvimbe wa ubongo.

Kwa hiyo anayesema mimea ina dawa hasemi uongo. Hata hivyo tunakusihi, usichemshe majani hayo. Majani makavu mengi mno hutoa gramu moja tu ya vinkristini, na mgonjwa huchomwa mshipani, kwa kawaida si zaidi ya miligramu 2 kwa mara moja. Kwenye sufuria nani atapima? Ikizidi, huharibu mishipa ya fahamu.

Ubongo nao una ulinzi wake: kuta za mishipa yake midogo ya damu huzuia vitu vingi kupenya. Kurkumini iliyomo kwenye manjano huua seli za uvimbe maabara, lakini ukiila, kiasi kidogo mno hufika kwenye damu. Haijathibitika kumponya mgonjwa.

Tena, kifafa kinachomwanza mtu mzima, au kichwa kinachouma kila kukicha pamoja na kutapika, si lazima kiwe uvimbe, wala si kurogwa. Huku mpakani mwa Kenya na Uganda nguruwe wengi huzurura, na tegu wa nguruwe yupo. Mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Ukiyameza kwa maji, mboga au mikono michafu, mabuu yake huweza kujikita ubongoni. Usikimbilie kununua albendazoli dukani: mabuu yakifa ubongo huvimba, ndiyo maana daktari huitoa pamoja na dawa za kuzuia uvimbe huo. Picha ya CT humsaidia kutambua kilichomo.

Anzia hospitali iliyo karibu, uulizie rufaa: Moi ya Eldoret kwa wa Kenya, Mulago ya Kampala kwa wa Uganda. Kama umeshakunywa mitishamba, mtajie daktari, hata jani lenyewe mpelekee. Nanyi wahudumu, tafadhali msimgombeze: mitishamba mingine hubadilisha nguvu ya dawa za kifafa, na akinyamaza hamtajua.