AFYA YA FAMILIA: Kusubiri Majina ya Kidato cha Tano

Watoto wetu wa Ngara na Biharamulo hufanya mtihani wa Kidato cha Nne mwezi Novemba. Matokeo kwa kawaida hutoka Januari, na majina ya waliochaguliwa Kidato cha Tano hufuata miezi kadhaa baadaye. Kungoja huko huwachosha.

Hofu hufanya mwili utoe adrenalini: moyo huenda mbio, tumbo husokota, usingizi hukatika, kichwa huuma. Lakini kuumwa kichwa na kukosa hamu ya kula ni dalili za malaria pia. Basi tusikisie, kwanza tumpeleke zahanati apimwe damu.

Asipokutwa na ugonjwa, tumsaidie hivi:

1. Ale na kulala kwa saa zake.

2. Awe na kazi: migomba, mifugo, kwaya.

3. Tusimlinganishe na mtoto wa jirani.

4. Tuongee naye mapema juu ya njia nyingine, kama vyuo vya ufundi.

Akijitenga kwa wiki mbili, aonwe na mganga. Akisema heri afe, tusimkemee wala kumwacha peke yake. Tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Majina yakitoka, awe amechaguliwa au la, tule naye na tusali pamoja.