Pazia la Kijani na Mikono ya Mkalimani

Somo: Luka 1:57-66

Kabla ya kuendelea, fungueni kwanza maandiko yaliyotajwa hapo juu. Humo twasoma ya kuwa Zakaria alikuwa hawezi kusema, na jamaa zake walipotaka kujua mtoto aitwe nani, walimwashiria. Naye akataka kibao, akaandika. Wapo wafafanuzi wanaosema kwamba, kwa kuwa watu walimwashiria badala ya kumwuliza kwa mdomo, yamkini hata kusikia alikuwa hasikii. Mimi nakubaliana nao. Lakini nimeleta habari hii kwa sababu nyingine. Ndiyo tuliyoichagua tulipotengeneza somo la kwanza la video kwa darasa la Kipaimara, na kwa somo hilo niligundua kwamba mimi, niliyeshika chaki miaka mingi, sikujua kuweka taa katika sebule yangu mwenyewe.

Katika darasa letu yumo kijana mmoja kiziwi. Jumapili huketi mbele, na mama mmoja aijuaye lugha ya alama humtafsiria. Taabu ilikuwa siku za katikati ya juma. Wenzake walipelekewa mafundisho ya sauti kwa simu, naye hakuwa na kitu. Ndipo tukaazimu kumpiga picha mama yule akitafsiri somo zima. Mnajua jinsi televisheni zinavyofanya: mkalimani huwekwa katika kijisanduku pembeni. Kwenye simu ya kiganjani kijisanduku hicho huwa kama ukucha wa kidole gumba, na mikono ikitanuka hukatwa na ukingo wake. Sisi tulitaka mkalimani aonekane mkubwa, kuanzia kiunoni hadi juu ya kichwa, na maneno ya somo yawe kando yake. Kazi hiyo yahitaji pazia la kijani.

Tukanunua kitambaa, tukakitundika, tukapiga, tukampelekea kijana. Jibu likarudi kwa maandishi, maneno manne tu: "Mbona mama hana vidole?"

Nikaitazama tena video. Kweli, mikono ilipotulia ilionekana vizuri, lakini kila ilipokwenda mbio vidole viliyeyuka. Mimi nisikiaye sikuwa nimeona kasoro, maana nilikuwa nikisikiliza. Kumbe katika lugha ya alama umbo la vidole ndilo neno lenyewe. Ukimwondolea msomaji herufi moja katika kila tatu, humwachii somo, umempa kitendawili. Basi ninayoandika hapa ni yale niliyojifunza baada ya aibu hiyo.

Kwanza tujue kinachotendeka. Kompyuta au simu huambiwa: popote uonapo rangi hii ya kijani, iondoe, uweke picha nyingine. Si jambo jipya. Katika filamu ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940, Larry Butler alitumia pazia la buluu, na mhandisi Petro Vlahos aliiboresha sana njia hiyo katika filamu ya Ben-Hur ya mwaka 1959. Hata huku kwetu pwani, Omar Said Bakor wa Lamu alikuwa akiunganisha picha za watu na za mahali pengine kwa kazi ya mkono tu, zamani kabla ya kompyuta kufika. Siku hizi kijani hupendwa kuliko buluu kwa sababu ya kamera zenyewe. Kioo cha ndani kinachopokea mwanga kina vitone vya rangi tatu, na kwa mpangilio aliouvumbua Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976, nusu ya vitone hivyo ni vya kijani. Nyekundu na buluu hupata robo robo. Kwa hiyo kamera huona kijani kwa usahihi zaidi. Tena ngozi ya mwanadamu, iwe nyeusi au nyeupe, ina wekundu ndani yake, nayo haifanani na kijani kibichi.

Sasa tazameni vidole. Kidole kikienda haraka, kamera hukichora kama ukungu, na ukungu huo ni mchanganyiko wa rangi ya ngozi na rangi ya pazia lililo nyuma. Kompyuta ikiona mchanganyiko wenye kijani ndani yake, huondoa kijani na kidole pamoja. Na ukungu hutoka wapi? Hutokana na giza. Mwanga ukiwa haba, simu hurefusha muda wa kupokea picha ili ipate kuona, na katika muda huo mkono umekwisha kusafiri. Ukiongeza mwanga, simu yenyewe hufupisha muda, na kidole hubaki kidole. Kosa langu lilikuwa hapo. Nilikuwa nimewasha taa zote kuelekea kitambaa, nikidhani kitambaa ndicho chenye kazi, na mama nikamwacha katika nusu giza.

Tuje kwenye kitambaa. Chagueni cha pamba, kijani kibichi, kisichong'aa. Satini haifai, maana hung'aa kwa vipande, hapa peupe, pale peusi. Sisi tulipata chetu katika soko la Majengo, tukaunga mapana mawili, tukapata kama mita 3 kwa 2 na nusu. Mshono tuliulaza kwa upana, chini ya usawa wa kiuno, usionekane. Kipigwe pasi vizuri, kitundikwe kwa vibanio vya nguo kwenye kamba iliyokazwa sana, na chini kishonewe ubao mwembamba ili kivutike. Kila kunyanzi huleta kivuli, na kila kivuli ni kijani kingine ambacho kompyuta hukitilia shaka. Mwenye chumba cha ziada aweza kupaka ukuta rangi ya maji ya kijani. Lakini si rangi ya mafuta, kwa sababu ile ile ya kung'aa.

Kwa pazia hutosha taa mbili, moja kila upande, zimerudi nyuma kidogo na kuelekea katikati. Na hapa nawaomba vijana wakumbuke hesabu yao ya fizikia. Taa ndogo ukiisogeza kutoka mita 2 hadi mita 1, mwanga hauwi mara 2 bali mara 4. Maana yake ni kwamba ukiweka taa moja karibu na pembe ya pazia, mita 1 kutoka ukingo wa huku na mita 3 kutoka ukingo wa kule, upande mmoja unapata mwanga unaokaribia mara 9 ya upande wa pili. Macho yetu hayalioni hilo kwa kuwa huzoea upesi. Kamera huliona. Njia rahisi ya kupima ni kupiga picha ya pazia tupu kwa simu, kisha kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe: pazia lote lapasa kuonekana kijivu kimoja, kama ubao uliofutwa vizuri. Pazia halihitaji mwanga mwingi. Lahitaji mwanga ulio sawa.

Hesabu hiyo hiyo hutusaidia kwa mtu, tena bure. Badala ya kununua taa kubwa, isogezeni mliyo nayo. Taa kuu ya mkalimani iwe mbele yake, kando kidogo na juu kidogo ya macho, umbali wa mita 1 au moja na robo, ilimradi isionekane katika picha. Mbele ya balbu tundikeni kitambaa cheupe chepesi ili vivuli vilainike. Lakini kisiguse balbu, na kama ni balbu ya zamani inayochemka, msithubutu kabisa. Upande wa pili simamisheni shuka jeupe lililokazwa. Litarudisha mwanga kwenye shavu lililo gizani. Angalieni pia mikono, kwani taa nyingi huelekezwa usoni, na mikono iliyo kifuani hubaki kivulini. Mwambieni mkalimani anyooshe mkono mbele, halafu autandaze pembeni. Mkiona kiganja kinafifia, teremsheni taa.

Neno moja kuhusu rangi yetu. Simu hujaribu kusawazisha picha nzima. Nyuma kukiwa na pazia linalowaka, hudhani mahali pote pana mwanga, ikapunguza, na uso mweusi ukageuka kivuli tu. Nimesikia watu wakisema kwamba mtu mweusi "hatoki" katika picha. Sikubali. Hatoki kwa sababu aliyeshika kamera amelimulika pazia badala yake. Wekeni kidole usoni pa mtu katika kioo cha simu, mshikilie mpaka simu ionyeshe imefunga kipimo hapo. Na pazia lisipite uso kwa mwanga. Likizidi, kijani chake hurudi kama kioo na kupaka mashavu na kingo za mikono. Dawa ya hilo ni umbali: mtu asimame hatua tatu mbele ya pazia, kama mita 2. Hapo hata kivuli chake hakitalifikia. Nywele nyeusi na nguo nyeusi hupendeza zikipata taa ndogo kutoka nyuma na juu, ili ukingo wake uonekane wazi.

Taa zote ziwe za rangi moja. Msichanganye balbu ya njano na nyeupe. Umeme wetu hupigapiga mara 50 kwa sekunde, na balbu nyingine za bei rahisi hupepesa mara 100, jicho lisione, lakini katika video huonekana mistari inayopanda na kushuka. Simu ikikuruhusu kuchagua muda wa picha, chukua moja ya mia ya sekunde. Yatosha kwa vidole na yapatana na umeme. Simu iwekwe kwenye stendi, isishikwe mkononi.

Kuhusu mavazi, kila kilicho kijani kitatoweka, na mvaaji atakuwa na tundu kifuani. Shati la kijani lingoje siku nyingine, hata kama ni la chama. Mchungaji naye akija na stola ya kijani ya Jumapili baada ya Utatu, atakuwa na ukanda wa hewa shingoni. Tulijaribu kwa kucheka, ikawa hivyo hivyo. Kwa mkalimani kuna sharti zaidi: nguo ya rangi moja, inayopingana na ngozi ya mikono yake. Kitenge chenye maua ni kizuri kanisani, lakini vidole hupotea ndani ya maua hayo.

Umeme ukikatika, msiahirishe. Kivuli cha nyumba saa moja hadi saa tatu asubuhi ni taa bora kuliko zetu zote, kwa kuwa anga yote humulika kwa usawa. Baada ya hapo jua la Dodoma hupanda, macho ya mtu huwa mashimo meusi, na katika kiangazi upepo huanza na vumbi lake. Pazia likipepea, kazi imekwisha.

Kuondoa kijani chenyewe ni kazi fupi. Kwenye kompyuta ipo programu ya bure iitwayo OBS Studio, na kwenye simu CapCut hufanya vivyo hivyo. Chagueni rangi ya pazia, kisha mwongeze kipimo polepole mpaka kijani kitoke. Simameni hapo. Mkiongeza zaidi ili kufuta vidoa vya pembeni, mtaanza kula vidole. Afadhali kidoa kibaki.

Na nyuma ya mkalimani tuweke nini? Sisi tuliweka rangi tulivu na aya zenye herufi kubwa. Baadhi ya vijana walitaka picha ya Yerusalemu. Nilikataa, kwanza kwa kuwa picha yenye vitu vingi huchosha macho ya yule anayesoma kwa macho tu. Pili kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyefika Yerusalemu. Wakitaka kuweka picha ya mahali, na waandike chini kwamba ni picha iliyowekwa.

Tulirudia somo la Zakaria Jumamosi iliyofuata, kibarazani, saa mbili asubuhi, umeme ukiwa haupo. Mama alivaa blauzi ya buluu iliyokolea. Nilimwalika kijana mwenyewe aje atazame katika simu kabla hatujaanza, na yeye ndiye aliyeniashiria nisogeze shuka jeupe mara mbili, na kumrudisha mama nyuma nusu hatua ili mikono isikatwe juu. Tangu siku hiyo ndiye msimamizi wa picha. Mimi nashika shuka.

Kitambaa kipo vestri, kimeviringishwa kwenye mti. Tafadhali msikikunje.